Mtani Aliyenililia Nikiwa Hai

Mimi Maganga nimefungua vyoo vingi kuliko milango. Toka Mwananyamala mpaka Chamazi, ukikuta nyumba ambayo shimo lake limewahi kujaa, ama nimelinyonya mimi, ama kalinyonya mtu niliyemfundisha mimi. Niliingia mji huu nikitokea Urambo, nina darasa la nne na shati moja, nikaanza kama chura. Chura ni yule mtu anayeshuka shimoni na ndoo pale ambapo gari halifiki. Leo nina magari mawili ya majitaka, nyumba ya tofali Chamazi, na binti mwalimu wa sekondari, Sabina, ambaye ndiye kaniwekea nukta na mikato humu. Maneno ni yangu. Mengine alitaka kuyafuta, nikakataa.

Najisifu, ndiyo. Asiyejisifu hana cha kusifia. Lakini hapa nimekuja kusema jambo nisilojisifia. Huyu huyu Maganga, ambaye akiinua mfuniko wa chemba anakwambia nyumba ina wapangaji wangapi na Jumapili walikula nini, alikaa miezi kumi hataki kutazama choo chake mwenyewe. Naandika kwa ajili ya watu wote, ila hasa nyie wanaume wenzangu mnaomwaga maji kabla hamjageuza shingo.

Ilianza masika. Kwetu sie masika ndiyo mavuno: maji ya ardhini yanapanda, mashimo yanafurika, simu hainyamazi. Wapo wasio na haya, wanatapisha vyoo vyao kwenye mtaro mvua ikinyesha, na wapo wastaarabu, wananipigia mimi. Asubuhi moja kabla ya kazi nilienda haja, nikaona damu. Si nyingi. Kama mtu katema tambuu. Nikamwaga maji, nikavaa buti, nikaondoka.

Sikuogopa, na sababu ninayo. Watu wa kazi yangu tunaamini tumbo si mali yetu. Umeshinda kwenye kinyesi cha watu, utakosaje ameba? Aliyenifundisha uchura aliniambia siku ya kwanza kabisa: ukiona kamasi, meza vidonge vya ameba; ukiona damu, meza; tumbo likinguruma, meza. Tulikuwa tunavimeza kama njugu. Muuza duka la dawa wa mtaani kwetu alikuwa akiniona tu kwa mbali anaanza kunyoosha mkono kwenye rafu. Basi nikameza. Damu ikakata siku nne. Nikasema, si mnaona? Siku ya tano ikarudi. Nikameza tena.

Kuanzia hapo hadi vuli iliyofuata nilimeza vile vidonge sijui mara ngapi. Daktari hajaniona, mimi sijamwona.

Kipupwe kilipoingia mwili ukaanza mambo mengine. Naenda haja, natoka, nikifika mlangoni nahisi bado. Narudi, hakuna kitu. Choo chenyewe kikawa chembamba kama utambi wa taa. Siku nyingine tumbo linafunga, siku nyingine linaendesha. Hapo nikajiongezea ugonjwa mwenyewe kichwani, nikaona hii sasa siyo ameba tu, kuna na bawasiri. Na bawasiri, mtu mzima, unamwambia nani? Wanaume wakisikia wanaanza maneno yao, mtu mzima ana kasoro huko nyuma, ilikuwaje. Nikaenda sokoni Mabibo kwa muuza mizizi, akanipa unga wa kuchanganya na maji ya vuguvugu niukalie. Nilikuwa nikijifungia kwenye banda la yadi ninapolaza magari, nakaa kwenye beseni kama bata, buti zangu ziko pembeni, huku nje madereva wangu wanasema bosi yuko kwenye mahesabu.

Nyumbani nikaacha kabisa kutumia choo, labda Jumapili. Nikanunua nguo za ndani nyeusi. Mkanda nikautoboa tundu jipya kwa msumari, halafu jingine. Watu wakiuliza mbona umepungua, najibu nafanya mazoezi. Mimi! Mazoezi!

Mke wangu, Mama Sabina, aliniuliza mara moja tu. Ilikuwa mchana, anaanua nguo kwenye kamba.

"Baba Sabina, unaumwa?"

"Wewe umewahi kuniona naumwa?"

"Nimeuliza tu."

"Usiwe unauliza tu. Mwanaume akiulizwa ulizwa hivi ndo anaumwa kweli."

Akaendelea kukunja nguo. Mimi nikadhani nimeshinda. Wanaume tuna ujinga wa kuhesabu kimya cha mke kama ushindi.

Sasa lazima niwaeleze habari ya mtani wangu, maana bila yeye mngekuwa mmeshakula pilau la arobaini yangu.

Jirani yetu ni Bi Mwanahawa, Mzaramo, anakaanga samaki nje ya geti lake. Wazaramo na sie Wanyamwezi ni watani tangu enzi za mababu zetu walipokuwa wakishuka pwani na mizigo kichwani. Mtani anaweza kukuita mbwa mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Ukinuna, aibu ni yako. Anaweza kukamata kitu chako, kofia au baiskeli, na hukipati mpaka ukikomboe kwa anachotaka yeye. Na msibani ndiko kwenye kazi yake kubwa. Ndugu wanalia, mtani anavaa viatu vya marehemu, anatembea kama yeye, anaongea kama yeye, mpaka wafiwa wanacheka huku machozi yanatiririka. Kwa miaka yote Bi Mwanahawa alikuwa akiniita mla panya, nami namwita mvivu wa kuzaliwa, na nanunua samaki wake kila jioni.

Jumapili moja ya kiangazi, baada ya misa, nimekaa uani kwenye kiti changu, chai mkononi, Mama Sabina pembeni anachambua mchele, Sabina yupo amekuja kututembelea. Geti likafunguka. Akaingia Bi Mwanahawa na wanawake wawili nyuma yake. Wamejifunga kaniki, wamejipaka majivu usoni, wanalia kwa sauti ya kufikia mtaa wa pili.

"Uuuwi! Mnyamwezi wetu! Kafa angali anatembea!"

Nikashusha kikombe. "We mtani, umeamkia nini leo?"

"Maiti inasema!" akawageukia wenzake. "Shoga zangu, mmesikia? Maiti ya Kinyamwezi hata ikifa haifungi mdomo!"

Majirani wakaanza kujaa kwenye ukuta. Bi Mwanahawa akatoa kamba, akanisimamisha, akanipima toka utosini mpaka kwenye visigino. Nikasimama, ningefanyaje, ni mtani.

"Urefu ule ule," akatangaza. "Upana ndo umekwisha. Jamani tutaokoa mbao!"

Watu kicheko. Na mimi nikacheka. Akanivua kofia akaivaa, akatoa kifua mbele, akatembea hatua kubwa kubwa uani. "Mimi Maganga! Magari mawili! Nyumba ya tofali! Nani kama mimi?" Nawaambia alikuwa mimi mtupu, hata ile namna yangu ya kukohoa kabla ya kusema. Halafu ghafla akashika tumbo, akakimbia kwa vidole vya miguu mpaka kwenye kona ya ukuta, akachuchumaa, akarudi. Akakaa. Akainuka, akakimbia tena. Akarudi. Mara ya tatu watu walikuwa wanagaragara, na mimi machozi ya kicheko yananitoka.

Aliporudi safari hiyo hakukaa. Akasimama mbele yangu na kofia yangu kichwani, akasema taratibu, kwa sauti yangu:

"Mimi Maganga. Nimechungulia vyoo vya mji mzima. Changu nimekiogopa."

Hakuna aliyecheka. Nilisikia punje za mchele zinavyodondoka kwenye ungo wa mke wangu, na mke wangu hakuinua macho.

Bi Mwanahawa akanyoosha mkono mezani akachukua ufunguo wa lile gari langu kubwa la majitaka. "Huu nimekamata. Unakombolewa kwa karatasi ya daktari. Siyo ya duka la dawa. Daktari mwenye kitanda." Akautumbukiza kifuani, mahali ambapo mwanaume mwenye heshima zake hawezi kuufuata, akaondoka na waombolezaji wake.

Ufunguo wa akiba nilikuwa nao. Lakini kumzunguka mtani kwa kitu alichokukamata, kwa Mnyamwezi, afadhali ufe kweli. Gari likalala.

Jumatatu nikajaribu ujanja. Nikampelekea karatasi, nimeikunja vizuri. Akaifungua, akaitazama, akamwita binti yangu aliyekuwa anapita kwenda stendi.

"Mwalimu, hebu nisomee mie. Mtani wangu kaleta kombozi."

Sabina akasoma, akanitazama. "Bi Mwanahawa, hii ni risiti ya vidonge vya ameba."

"Ahaa. Mtani, mie sijaenda shule hata siku moja, ila si mjinga kama wewe uliyeishia la nne. Pita huko."

Basi Jumanne nikaenda hospitali, na mke wangu.

Mabenchi ya hospitali yana jambo moja: hayamjui mtu. Nilizoea mimi nikifika mahali watu wanapisha, kwa heshima au kwa harufu. Pale nikapewa namba, nikakaa katikati ya mama anayenyonyesha na mzee aliyesinzia begani kwangu tangu saa moja mpaka saa nne. Mama Sabina alikuja na chupa ya chai na mihogo. Kila nikisimama kuelekea chooni alikuwa anainua miguu yake kunipisha bila kusema neno. Nilisimama mara tano.

Daktari alikuwa binti wa umri wa Sabina, miwani, amesuka vizuri. Akanisalimia kabla sijakaa. "Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu."

"Tatizo nini baba?"

Nikatazama ukuta. Adabu yote aliyonipa na ile shikamoo ndiyo ilinifunga mdomo. "Mimi sina tatizo. Kuna jamaa yangu mmoja hivi, anaonaga damu."

"Ana umri gani huyo jamaa yako?"

"Hamsini na mbili."

"Amepungua?"

"Kidogo."

"Anaenda choo mara ngapi kwa siku?"

"Tano. Sita."

"Jumapili akiwa nyumbani ni kumi na moja," mke wangu akasema taratibu. "Nahesabu mlango unavyolia."

Daktari akaweka kalamu chini. Hakucheka, ingawa niliona mashavu yanamcheza. "Sawa. Baba, mwambie jamaa yako avue suruali apande kitandani."

Kipimo chenyewe ni cha kidole. Wanaume wenzangu, hapa nisikilizeni. Kidole hakituui. Kinachotuua ni kukikwepa. Nilikaa miezi kumi nikikimbia kitu ambacho kilichukua muda mfupi kuliko kufungua nati za mpira wa gari langu. Yule binti alikuwa akiniongelesha mpira wakati anafanya kazi yake, ananiuliza kama kelele za uwanja wa Chamazi zinatufikia, nani atachukua ubingwa mwaka huu. Halafu katikati ya sentensi akanyamaza. Kile kimya ninakikumbuka kuliko kidole.

Akaniandikia kipimo cha kamera, ile ya kuingizwa utumboni. Nikarudi na ile karatasi mpaka kwa Bi Mwanahawa. Akamngoja mwalimu Sabina arudi jioni, ikasomwa yote. Akatoa ufunguo kifuani, akauweka kiganjani mwangu, hauachii.

"Maganga," akasema.

Hakuwahi kuniita kwa jina tangu tuhamie pale. Nilikuwa mla panya, nilikuwa Mnyamwezi, nilikuwa bwana vyoo. Daktari hakunitisha hivyo.

"Mtani, nitukane basi," nikamwomba. "Usinifanyie hivi."

Akauachia ufunguo. "Toka hapa na sura yako kama buti la kushoto. Unanifukuzia wateja."

Nikaondoka nimepata nafuu.

Siku ya kabla ya kamera unapewa dawa ya kunywa ya kusafisha tumbo. Nimenyonya shimo la hosteli ya wanafunzi mia kadhaa, lakini sijawahi kuona kitu kikimwagika vile. Ilipofika jioni nilikuwa natoa maji matupu na sina nguvu hata ya kujisifu. Kesho yake wakanipa sindano ya kulevya, nikaamka kumbe wameshamaliza, wamekata kinyama kidogo wamekipeleka kupimwa. Majibu baada ya wiki kadhaa.

Kusubiri kinyama ni kazi kuliko ugonjwa. Nilikuwa mkali. Nilimfokea dereva, nikamfokea paka. Siku ya majibu tulifika mapema, tukakaa kwenye korido, dirisha linaonyesha mlingoti wa bendera na nguo za wagonjwa zimeanikwa. Hapo ndipo mke wangu aliponiambia.

"Baba Sabina. Ile Jumapili, mimi ndo nilimtuma."

"Nani?"

"Mwanahawa. Nilimpelekea jogoo, nikampigia magoti. Nikamwambia mume wangu anakwisha na mimi kaniziba mdomo."

Nikamgeukia. "Ulijuaje? Nilinunua nyeusi."

"Nguo nyeusi haifichi wekundu wa maji ya kufulia." Akafungua chupa, akanimiminia chai. "Ningesema mimi, ungenijibu. Mtani huwezi kumjibu."

Nikanywa chai. Kumbe miezi yote ile nilipokuwa nikijificha kwenye beseni, kulikuwa na mtu mmoja anajua, anafua, anaanika, anatafuta mlango wa kuingilia.

Wakatuita. Yule binti daktari alikuwepo na mkubwa wake, bwana mmoja mwenye mvi. Wakaniambia ni saratani ya utumbo mpana. Mke wangu akanishika mkono hapo hapo mbele ya watu, jambo ambalo hatujawahi kulifanya hata siku ya harusi. Nikauliza swali langu moja: ningekuja masika ile nilipoiona damu mara ya kwanza, ingekuwaje? Yule mwenye mvi hakunizungusha. Akasema hakuna anayeweza kuapa, lakini huenda kazi ingekuwa ndogo zaidi. Sasa itabidi wakate, halafu dripu za dawa ya saratani. "Lakini umekuja bado kuna cha kufanya," akasema. "Wengi wanaletwa wamebebwa."

Masika iliyofuata, msimu wangu wa mavuno, ilinikuta wodini. Nasikia mvua inavyopiga bati, najua kila shimo la Temeke limefurika, na simu anayo Sabina. Alikuwa anatoka kufundisha anaanza kupanga magari. Madereva walimwogopa kuliko mimi.

Walinikata, na kwa kuwa walitaka utumbo upone kwa utulivu, wakautoa nje kwa tundu la tumboni, wakanifungia hapo mfuko wa kupokea choo. Nilijua habari ya mfuko kabla, waliniambia. Kujua siyo kuona. Lakini kwanza niwachekeshe. Baada ya upasuaji wa tumbo, madaktari wote, wakubwa kwa wadogo, wanapita wanauliza swali moja: hewa imetoka? Wanataka kujua kama utumbo umeamka. Siku ya kwanza hakuna. Siku ya pili hakuna, tumbo limejaa kama ngoma. Mama Sabina alikuwa kakaa kwenye kigoda pale kando ya kitanda na rozari yake, na nilimsikia kwa masikio yangu akimwomba Mama Maria mumewe ajambe. Siku ya tatu mchana ule mfuko ukapumua, puu, ukatuna. Akaruka na kuita, "Nesi! Nesi! Imetoka!" Wodi nzima ikapiga makofi. Mgonjwa wa kitanda cha pili, Mpemba, mtu mtaratibu sana, akasema, "Alhamdulillahi, hongera bwana." Sijawahi kupongezwa hivyo hata nilipoleta gari la kwanza.

Nyumbani ndiko kulikokuwa na vita. Wodini manesi walinifundisha kuubadili mfuko, nami nikaapa hakuna mwingine atakayeugusa. Wiki ya pili ukavuja kitandani, asubuhi, shuka zote. Mama Sabina akaja na beseni na maji ya moto. Nikamfokea. Nikamwambia atoke, nikasema maneno ambayo Sabina ameomba niyafute na haya nimeyafuta. Nikalipiga lile beseni teke likapinduka.

Akatoka. Akaenda kukaa kwa Bi Mwanahawa mpaka adhuhuri ikapita. Mimi nimelala kwenye uchafu wangu, mkubwa, mwenye magari mawili. Aliporudi alisimama mlangoni, kajifunga kanga kiunoni kama mtu anayekwenda kulima.

"Miaka ishirini na saba nafua nguo zako," akasema. "Ulipokuwa chura ulirudi na vyoo vya watu nisiowajua hadi kwenye nywele. Nilifua. Nikakuogesha na ndimu. Nimefua vyoo vya Mwananyamala, nimefua vya Tandika, nimefua vya matajiri na vya walevi. Leo ni cha mume wangu, ndo unanifukuza?"

Nililia. Sikulia nilipoambiwa saratani, nililia pale. Akaokota beseni, akaanza kazi, na alipokuwa anaufunga mfuko mpya vidole vyake vilikuwa vyepesi kuliko vya nesi. "Mbona unajua?" nikamuuliza. "Nilikuwa namwangalia nesi wakati wewe umefumba macho," akajibu.

Baada ya hapo miezi yangu ikawa haina majina, ina dripu. Dripu ya kwanza ilikuwa mwanzo wa kipupwe. Ilipofika ya tatu mdomo ulikuwa una ladha ya sarafu na siwezi kushika kitu cha baridi, vidole vinachomwa kama na sindano. Soda ya barafu, rafiki yangu wa siku zote, nikawa naitazama kwa mbali. Ya tano Bi Mwanahawa aliniletea supu ya samaki, akakaa mpaka nimeimaliza, akisema anafanya hivyo kwa sababu jeneza jepesi linawaaibisha wabebaji. Ya sita sikutaka kwenda. Nilikaa ukingoni mwa kitanda nikasema basi, inatosha. Mke wangu hakubishana. Alinivalisha viatu, kimoja, kingine, akaita bajaji. Ya mwisho niliimaliza vuli ikiwa imeshaanza, na nilipotoka pale mlangoni manyunyu yakaniangukia kwenye upara wangu mpya, nikaona kama mkono wa mtu anayenipongeza.

Baada ya mwaka mpya wakaurudisha utumbo ndani, mfuko ukatoka. Kamera ya marudio ilipita ikakuta kusafi. Bado naitwa kupimwa, na nitaenda kila wanaponiita. Sijasema nimepona moja kwa moja, daktari mwenyewe halisemi neno hilo, nami kwa mara hii moja sitaki kumzidi mtu kwa majigambo.

Ninachowaambia ni hiki. Ukiona damu, au choo kimebadilika umbo na tabia na hakirudi kama zamani, au unapungua bila kufunga, usijipe jina la ugonjwa mwenyewe. Huenda ni ameba kweli. Huenda ni bawasiri, na bawasiri siyo aibu. Acha aliyesomea ndiye aseme. Usimeze tu, usikalie beseni. Na wewe mke, au mtoto, unayefua na kunyamaza, mtafute wa kukusemea. Shemeji, padri, shehe, mtani. Nilienda kwenye mabwawa tunakomwaga majitaka, ambako magari hupanga foleni, nikawasimamisha madereva na vyura wote nikawaeleza haya haya kwa mdomo mpana. Walicheka mpaka wakachoka. Wiki hiyo wanne waliniomba namba ya daktari, kila mmoja kwa wakati wake, kila mmoja akinivuta nyuma ya gari.

Siku ya tatu baada ya kurudi nyumbani bila mfuko, nilikwenda choo cha ndani. Chetu. Nikachuchumaa kwa woga kama mtu anayejaribu ngazi mbovu. Ikachukua muda. Ilipomalizika sikugusa ndoo. Nikageuka, nikainama, nikatazama. Halafu sikuyaamini macho yangu peke yake.

"Mama Sabina!" nikaita. "Njoo hapa!"

Akaja anakimbia, mikono ina unga. "Nini tena?"

"Tazama."

Akatazama. Akainama zaidi, akanisogeza pembeni maana nilikuwa nazuia mwanga. Tukasimama wote wawili juu ya lile tundu, watu wazima, wazazi wa mwalimu.

"Kawaida," akasema.

"Kawaida kabisa?"

"Kawaida kabisa, Baba Sabina." Akanipangusa machozi kwa kiwiko kwa sababu ya ule unga, akanisukumia ndoo kwa mguu. "Haya mwaga maji sasa, chapati zinaungua."